Nimekwama kwenye pepa moja ya ACCA. Nirudie tena au nihamie CPA?

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Tabata, Dar es Salaam, na ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Nilimaliza shahada ya uhasibu, nikajiunga na ACCA, ile sifa ya uhasibu ya Uingereza inayotambulika kimataifa. Kwa sababu ya shahada nilisamehewa pepa za mwanzo, na zile za ngazi iliyofuata nilianza vizuri tu. Kisha nikafika Financial Reporting, pepa ya kuandaa taarifa za fedha za makampuni, na hapo ndipo gari lilipozima. Alama ya kufaulu ni 50. Mimi nilianza na 41, nikapata 46, nikarudi 44, na wiki iliyopita matokeo ya Juni yametoka: nina 47.

Siyo kwamba sisomi, Mwalimu. Naamka saa kumi alfajiri, napiga msuli mpaka muda wa kuwahi daladala. Jioni nikifika nyumbani, kama foleni ya Buguruni imenihurumia, narudi mezani. Nikifeli naanza upya kabisa, sura ya kwanza mpaka ya mwisho, ili safari hii nisiache kitu. Kitabu nilirithi kwa binamu yangu aliyefaulu pepa hiyohiyo miaka kama kumi iliyopita, nimekipaka kalamu za rangi mpaka kurasa zimekuwa kama khanga. Nina pia madesa ya PDF niliyopata kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine hata sijayafungua.

Maswali nayaanza wiki mbili za mwisho. Nayafanya kwa kalamu kwenye kauntabuku, nikikwama natazama jibu, na nikiliona naelewa kabisa, hata najishangaa nilikwama wapi. Lakini nikikaa kwenye chumba cha mtihani mambo yanageuka. Mizania haibalansi, natafuta kosa, nikija kuinua macho muda umekwisha. Swali la mwisho huwa naliacha nusu, na yale ya maelezo naandika kidogo kwa sababu naona alama ziko kwenye hesabu.

Anayenilipia ada ni kaka yangu aliyeko Muscat. Unajua ada zenyewe ni za pauni, na yeye kule ana familia yake. Haya matokeo ya 47 bado sijamwambia, anadhani tunasubiri. Ofisini mwenzangu tuliyeanza naye kazi amepata CPA, sifa ya uhasibu ya hapa nyumbani, na amepandishwa cheo, na mimi ndiye niliyemsaidia kujifunza kufunga hesabu za mwezi. Mama ananiambia kwa upole kwamba labda uhasibu si fungu langu.

Rafiki mmoja ananishauri niachane na ACCA nihamie CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu ya hapa nchini, eti ya nyumbani ni nyepesi. Mwingine kanipa namba ya mtu anayeuza tipsi za uhakika za mtihani wa Septemba. Usajili wa Septemba unafungwa siku si nyingi. Nijisajili? Nihame? Na kama ni kurudia, nisome vipi tofauti na ninavyosoma?

Niliyekwama, Tabata

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma yote, lakini kilichonivuta si zile alfajiri za saa kumi, ni alama. Hebu tuzitazame kama unavyotazama hesabu za kampuni za vipindi vinne mfululizo: 41, 46, 44, 47. Mtu asiyejua somo hafiki hapo. Umekosa alama tatu, yaani maswali mawili tu ya kuchagua kwenye Sehemu A. Ila usijipongeze haraka, maana namba hizo hazipandi, zinazunguka palepale. Kampuni ingekuletea mapato ya namna hiyo ungeandika kwamba imefika ukomo wa mfumo wake wa sasa, na usingeishauri iongeze saa za kazi.

Ndiyo maana sitakuambia uamke saa tisa badala ya saa kumi. Kwa maelezo yako, wewe umejifunza vizuri sana kusoma kitabu cha Financial Reporting. Kuijibu Financial Reporting hujawahi kujifunza. Hizo ni kazi mbili, na wanaosahihisha wanalipia moja tu.

Septemba usijisajili. Najua linauma, kwa sababu ACCA ina awamu nne kwa mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na mtu aliyefeli huona ile inayofuata kama basi ambalo bado linaweza kuwahiwa. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Matokeo ya Juni yanatoka katikati ya Julai, ukilia wiki moja na kujipanga wiki nyingine, unabaki na mwezi na kidogo kabla ya mwanzo wa Septemba. Muda huo unatosha kusoma kitabu tena, hautoshi kubadilisha namna unavyojibu. Lenga Desemba. Kujisajili mapema kuna nafuu ya ada ukilinganisha na dirisha la mwisho, na nafuu hiyo ikiwa kwa pauni si ndogo. Machi sikushauri kabisa: kama kampuni yenu inafunga mwaka Desemba kama nyingi zinavyofanya, Februari yako yote ni ya wakaguzi, faili na maswali yao.

Sasa tuje kwenye kitabu cha binamu. Miaka kumi iliyopita pango la gari au ofisi lilifundishwa kwa IAS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha wakati ule, na mengi ya yale mapango yaliishia kuwa gharama tu kwenye taarifa ya faida na hasara. Tangu tarehe 1 Januari 2019 tuna IFRS 16, kiwango kilichochukua nafasi yake, ambapo mpangaji anaingiza kwenye mizania haki ya kutumia mali pamoja na deni la pango, isipokuwa mikataba mifupi isiyozidi miezi 12 na ya vitu vya thamani ndogo. Mapato nayo: IAS 18 iliondoka, IFRS 15 ikaanza kutumika Januari 2018 na hatua zake tano. Hizo mada mbili si za pembeni kwenye pepa yako. Yawezekana hizo alama tatu ulizokosa umezipoteza kwa kujibu kwa usahihi kabisa kiwango ambacho hakipo tena. Na mambo bado yanasogea: IFRS 18 ilitolewa Aprili 2024 ichukue nafasi ya IAS 1 kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 2027. Mrudishie binamu kitabu chake kwa shukrani. Nunua au azima kilichoandikwa kwenye jalada mwaka wa mtihani unaoingia. Mwaka wa mitihani wa ACCA huanza Septemba, hivyo cha Desemba ni toleo jipya, si hilo ulilosomea Juni.

Madesa yafute. Yote. Faili ambayo hujaifungua kwa miezi haikusaidii chochote zaidi ya kukutisha kila ukiiona kwenye simu.

Halafu hii tabia ya kuanza sura ya kwanza kila ukifeli. Nina hakika ukiamshwa usingizini utaeleza dhana za msingi za taarifa za fedha bila kumeza mate, kwa sababu umezisoma ukiwa na nguvu mpya kila awamu. Hesabu za kundi la makampuni ziko nyuma kabisa ya kitabu, unazifikia umechoka na mtihani umeshapiga hodi. Safari hii anza nyuma. Kabla hata ya hapo, zipe wiki mbili pepa ulizosamehewa. Msamaha wa pepa ni mzuri mfukoni, lakini unaacha pengo: uchakavu, madeni yaliyolimbikizwa, bidhaa zilizobaki stoo, mabadiliko ya mtaji, hivyo vyote Financial Reporting inachukulia kwamba mkono wako unavifanya wenyewe bila kufikiri. Kazini unafanya, sawa, lakini Tally, ile programu ya uhasibu ya kompyuta, ndiyo inayoingiza upande wa pili wa kila muamala. Mtihani hauna Tally.

Nikupe mfano mmoja tufanye pamoja. Kampuni mama inamiliki 80% ya kampuni tanzu. Katika mwaka, tanzu imemuuzia mama bidhaa za shilingi milioni 60, ikiweka faida ya 25% juu ya gharama. Mwisho wa mwaka theluthi moja ya bidhaa hizo bado iko stoo kwa mama. Rekebisha.

Msomaji wa kitabu anaona haraka: theluthi ya 60 ni 20, na 25% ya 20 ni milioni 5. Ameshakosea. Faida iliwekwa juu ya gharama, kwa hiyo ile milioni 20 ni 125%, na faida iliyomo ni 20 mara 25 gawanya kwa 125, yaani milioni 4. Hapo stoo ya kundi inapungua milioni 4. Sasa swali ambalo wengi hawajiulizi: nani aliuza? Ni tanzu. Basi hiyo milioni 4 inapunguza faida ya tanzu kwanza, na wenye hisa wale wa 20% wanabeba laki nane, mama anabeba milioni 3.2. Angekuwa mama ndiye muuzaji, wale wa 20% wasingeguswa. Kwenye taarifa ya mapato, mauzo na gharama ya mauzo vyote vinashuka milioni 60, kisha gharama ya mauzo inapandishwa milioni 4.

Umeelewa? Bila shaka umeelewa, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Ulivyosoma sasa hivi ndivyo unavyofanya maswali yako: unatazama jibu, linaingia akilini laini, unajihesabia kwamba unajua. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi matini ya kusoma, kundi moja likairudia kuisoma, lingine likafunga karatasi na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Cha kuchekesha ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka. Mtihani wako uko baada ya wiki, si baada ya dakika tano.

Kwa hiyo kesho kutwa, si leo, chukua karatasi tupu ufanye lile swali la stoo bila kurudi hapa. Ukikwama, kaa na mkwamo dakika kumi kabla ya kufungua jibu. Ukifungua, usinakili jibu: andika kosa. Weka daftari moja dogo kwa ajili hiyo tu, na usiandike kwa ujumla kwamba umekosea stoo. Andika kwamba ulichukua 25% ya bei ya kuuzia wakati swali limesema juu ya gharama, au kwamba hukuangalia muuzaji ni nani. Baada ya mwezi utaona makosa yako ni yaleyale machache yanayojirudia kwa majina tofauti. Mwingine hujua kila kitu ila hasomi sharti la swali, mwingine anasoma ila mkono mzito. Daftari ndilo litakaloniambia wewe ni yupi, mimi kwa barua siwezi.

Uwiano wa muda ninaoutaka: mada ikishasomwa mara moja, kila saa moja ya kusoma iwe na saa mbili za maswali, tangu wiki ya kwanza. Na changanya mada. Ukifanya maswali kumi ya pango mfululizo, kuanzia la tatu hufikirii tena, unarudia mkono. Mtihani hautakuambia kwamba sasa ni zamu ya pango.

Kauntabuku nayo iache kwa ajili ya michoro. Pepa yako unaifanya kwenye kompyuta na wewe unafanya mazoezi kwa kalamu! ACCA wanayo sehemu ya mazoezi mtandaoni, bure kwa mwanafunzi, yenye skrini ileile utakayokutana nayo siku yenyewe. Humo mna lahajedwali kama Eksel, na hapa kuna alama ambazo nina wasiwasi umekuwa ukizimwaga chini. Wengi wanapiga hesabu kwenye kikokotoo pembeni kisha wanaandika jibu tupu kwenye kisanduku: 5. Likiwa si sahihi, msahihishaji haoni umetoka wapi, anapita. Ukiandika ndani ya kisanduku =60/3*25%, anaifungua, anaona umeipata theluthi sawasawa na umekosea hatua moja tu, anakupa za njia. Na ukibeba hiyo 5 mpaka kwenye mizania, hakuadhibu mara ya pili kwa kosa lilelile.

Hapo hapo tuongelee mizania isiyobalansi. Iache. Nasema kwa moyo mweupe kabisa, iache hivyo hivyo imepinda. Kazini kwako tofauti ya shilingi elfu tatu inakuzuia kwenda nyumbani, na inapaswa iwe hivyo. Kwenye mtihani hakuna alama ya kubalansi peke yake, na dakika kumi na tano za kutafuta laki tatu zilizopotea zingekupatia alama nane kwingine. Hesabu yenyewe ni hii: dakika 180 kwa alama 100, dakika 1.8 kwa kila alama. Sehemu A na B, zenye alama 30 kila moja, ni dakika 54 na 54. Sehemu C ina maswali mawili ya alama 20, dakika 36 kila moja. Dakika ya 36 ikifika, ondoka hata katikati ya sentensi. Alama za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuokota kuliko za mwisho za swali la zamani. Na kwenye yale ya kuchagua usiache hata moja tupu, kwa sababu jibu lisilo sahihi halikati kitu.

Umesema maelezo unaandika kidogo kwa sababu alama ziko kwenye hesabu. Ungeniambia hilo tu, bila barua nzima, ningejua 47 inatoka wapi. Swali moja kati ya yale mawili ya alama 20 kwa kawaida ni la kutafsiri hesabu, na sehemu kubwa ya alama zake haiko kwenye uwiano wenyewe. Mwanafunzi anaandika: "Faida kwa mtaji uliotumika imeshuka kutoka 24% hadi 17%, jambo ambalo si zuri kwa kampuni." Hiyo sentensi imesoma namba kwa sauti, basi. Rudi kwenye maelezo ya swali. Pengine wamekuambia kampuni ilifungua tawi jipya miezi miwili kabla ya mwaka kuisha, kwa mkopo. Andika hivi: uwiano umeshuka kwa kiasi fulani kwa sababu mali na mkopo wa tawi jipya vimeingia vyote kwenye mizania ya mwisho wa mwaka, lakini mauzo ya tawi hilo ni ya miezi miwili tu. Mwaka ujao tawi likifanya kazi miezi yote 12 uwiano unaweza kupanda, ingawa riba itaendelea kuilemea faida inayobaki kwa wenye hisa. Umeona? Hakuna hesabu mpya hapo. Kuna mtu aliyesoma kisa. Na wewe unafanya kazi kwenye malori, unajua bei ya mafuta ikipanda faida inaliwa wapi. Ujuzi huo utumie.

Ripoti za watahini ziko kwenye tovuti ya ACCA, bure, na sijui kwa nini wanafunzi wanazipita kwenda kununua tipsi. Ndani yake watu wanaosimamia mtihani wanaeleza kwa maneno yao watahiniwa walikosea wapi. Zisome tatu za karibuni. Malalamiko kuhusu maelezo yasiyofungwa kwenye kisa utakutana nayo mpaka uyachoke.

Huyo muuza tipsi asikusumbue kichwa. Anatabiri hesabu za kundi na utafsiri wa uwiano, vitu ambavyo kila anayejua muundo wa pepa anaweza kutabiri, au anauza karatasi ya uongo. Ikiwa ya kweli ndiyo mbaya zaidi, maana ACCA wana kamati ya nidhamu na hutataka jina lako lifike huko. Zuia namba.

Ratiba ipange kwa kalenda yako ya kazi, si ya mwanafunzi wa chuo. Tarehe 7 una PAYE, tarehe 20 una ritani ya VAT, na siku mbili tatu kabla ya hapo akili yako ni ya TRA. Siku hizo usijidanganye kwamba utasoma hesabu za kundi. Fanya maswali kumi ya kuchagua kwenye simu ukiwa kwenye daladala, basi. Jumamosi ndiyo siku yako ya kazi nzito, asubuhi, simu iko chumba kingine. Kuanzia Oktoba, kila wiki mbili fanya pepa nzima ya saa tatu, mfululizo, bila chai katikati. Ile ya alfajiri punguza. Mtu aliyelala saa tano usiku na kuamka saa kumi kwa miezi anasoma ukurasa mmoja mara tatu na kuuhesabu kama kurasa tatu.

Kuhusu kuhamia CPA. Hiyo ya "nyepesi" aliyekuambia hajaikalia. NBAA, bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, inapima kwa viwango vilevile vya kimataifa, maana Tanzania ilivipokea mwaka 2004. Hesabu za kundi utazikuta zinakusubiri kule, pamoja na kodi na sheria za nyumbani. Ukibeba tabia ya kusoma bila kujibu utafeli Mei na Novemba kama unavyofeli Juni na Desemba. Sababu nzuri ya kwenda NBAA ipo: ukitaka siku moja kukagua hesabu na kuzitia saini hapa nchini, lazima usajiliwe nao hata ukiwa na ACCA mkononi. Kama ndoto yako ni kufanya kazi na kampuni za nje au kumfuata kaka huko Ghuba, ACCA inafahamika zaidi. Hilo ni suala la unataka kufanya kazi wapi, lijadili ukiwa umetulia baada ya Desemba.

Na kama Desemba ikikupa tena arobaini na kitu? Tazama daftari lako. Kama uliyafanya haya nusunusu, unajua la kufanya. Kama uliyafanya yote kweli na namba haijasogea, hapo tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, akusahihishie pepa zako kwa kalamu nyekundu, maana kuna kitu anayeandika hawezi kukiona mwenyewe. Hata sasa, ukimpata mtu aliyekwisha kufaulu pepa hiyo akakubali kusahihisha mbili tatu, mnunulie chakula cha mchana. Mwenzako wa ofisini, yule uliyemfundisha kufunga mwezi, anadaiwa fadhila na wewe. Mwombe. Kinyongo hakina alama.

Mama yako mwambie kwamba fungu halipimwi kwa 47.

Amebaki kaka. Mpigie wiki hii, usimwandikie, na usisubiri akuulize. Usianze na machozi; anza na namba, kwa kuwa yeye ndiye mwekezaji na ana haki ya kuona hesabu. Mwambie umepata 47, mwambie Septemba hufanyi na kwa nini, mwambie Desemba unafanya na ada itakuwa kiasi gani ukijisajili mapema. Kisha mwambie sehemu gani ya ada hiyo utaitoa mwenyewe kwenye mshahara, hata ikiwa robo. Kitabu kipya ulipe wewe. Akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize, ana sababu. Ukifika Novemba mtumie picha ya alama za pepa zako za majaribio, hata zile mbaya.